Picha zina ukungu? Usiiuze kamera kwa hasira!

Haya wapenzi wasomaji, wikiendi nyingine hiyo imebisha hodi, na kama ilivyo ada ya jiji letu, kumbi zimejaa hadi milangoni. Huku kicheni pati, kule sendofu, na ng'ambo ya barabara kuna harusi yenyewe. Kila ukumbi utakaoingia humkosi kijana mwenye fulana nyeusi na kamera shingoni, anapita kati ya meza akiinama na kuinuka kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Msimcheke. Ile ni ajira. Nawajua waliolipa kodi ya chumba kwa kamera, na nawajua waliowasomesha wadogo zao kwa kamera hiyo hiyo.

Lakini kuna ugonjwa mmoja unaowasumbua sana vijana hawa. Unapiga picha, unaitazama kwenye kioo kidogo cha nyuma, unaona mambo safi. Ukifika nyumbani ukaifungua kwenye kompyuta, weee! Bibi harusi ana sura ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia la nailoni. Macho hayaonekani, meno yamegandana, hereni zimekuwa madoa.

Kijana akipatwa na kasheshe hiyo mara mbili tu, hukumu imeshatoka: "Kamera imekufa fokasi." Siku ya tatu utamkuta kijiweni anaitangaza kwa bei ya kutupa. Sasa mimi leo nimeamua kumtetea huyu mtuhumiwa asiye na wakili. Mara nyingi kamera haina ugonjwa wowote. Inatazama vizuri tu, ila imeachwa ijichagulie yenyewe pa kutazama.

KIJANA NA LENZI MBILI

Nina kibanda changu cha picha pale Sinza. Kazi yangu kubwa ni picha za pasipoti na kuchapa, lakini vijana wa mtaani wamezoea kuniletea kamera zao niwaangalizie. Siku moja akaja mmoja, mtoto wa jirani, uso umemshuka. Akaweka begi juu ya meza.

"Shikamoo braza."

"Marahaba. Vipi, mbona hivyo?"

"Nitafutie mteja. Hii kamera naiuza, hata kwa nusu bei."

Kumbe alikuwa na Nikon D3200 ya mtumba, ile iliyotoka kiwandani mwaka 2012, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya 18-55. Jumamosi iliyotangulia alipiga sendofu moja ya watu wenye uwezo wao. Alipopeleka picha, kamati ikazuia laki moja na nusu iliyokuwa imebaki. Hilo halikumuuma sana. Lililomuuma ni mama mzazi wa binti, ambaye alizipekua zile picha moja moja bila kusema neno, kisha akamwuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, sasa hizi nitamwonyesha nani?"

Rafiki zake wakamshauri anunue lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, eti ndiyo kiboko ya gizani. Akakopa, akainunua kwa mtu, iliyoandikwa herufi D ubavuni. Alipoifunga kwenye kamera ikagoma kabisa, haivuti fokasi hata mchana kweupe! Basi akaona mwili wenyewe wa kamera umekufa.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, kabla ya kuzika tupime maiti kwanza. Weka picha kwenye kompyuta."

UKUNGU HAUFANANI

Msomaji wangu, ukishika jambo moja tu kwenye safu ya leo, lishike hili: ukungu wa picha una aina zake, na kila aina ina dawa yake. Ikuze picha mpaka uone nywele za kope, kisha jiulize maswali.

Je, kila kitu kimeburutika kuelekea upande mmoja, watu, viti, hata nguzo za ukumbi? Hiyo picha imecheza. Mkono wako ulitikisika wakati kamera imefumbua jicho muda mrefu.

Je, viti na nguzo vimetulia, lakini mtu ana mikono minne kama mzimu? Hapo mkono wako hauna hatia. Mtu ndiye aliyesogea, na shata ilikuwa ya polepole kuliko yeye.

Je, mtu ana ukungu lakini pazia nyuma yake, au maua ya mezani mbele yake, yamekolea mpaka unahesabu nyuzi? Fokasi ilifanya kazi vizuri sana, ila ilikwenda kwa jirani.

Na kama hakuna kitu hata kimoja kilichokolea kwenye picha nzima, na wala hakuna mburuto? Hapo shuku kioo cha lenzi kuwa na mvuke au alama za vidole, au ulisogea karibu mno, au swichi ya ubavuni iko kwenye M badala ya A. Swichi hiyo usiidharau. Ikisuguana na begi inahama yenyewe, na hapo utalaumu kiwanda kizima.

Tukaanza kuzipekua picha za sendofu. Zile za kucheza muziki, kamera iliandika kwamba spidi ya shata ilikuwa sehemu 1 ya 20 ya sekunde. Shangazi wa watu anakata nyonga, kamera imefumbua jicho muda wote huo, wewe unatarajia nini? Zile za kuingia ukumbini, binti ana ukungu lakini vimetameta vya pazia la jukwaani vinang'aa kimoja kimoja. Za meza kuu, maua ya plastiki yamekolea hadi unaliona vumbi lake!

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe inafokasi."

"Inafokasi," nikamjibu. "Ila haikujua nani anaagwa."

INAONAJE?

Wengi wanadhani kamera inamwona mtu kama sisi tunavyoona. Hapana. Kamera za aina hii zenye kioo ndani hupeleka sehemu ya mwanga chini, kwenye kitambuzi maalumu. Kitambuzi kile kinaupokea mwanga kutoka pande mbili za lenzi, kinalinganisha, kama wewe unavyotumia macho mawili kukadiria umbali wa daladala inayokuja. Pande mbili zisipolingana, mota inazungusha lenzi mpaka zilingane. Hapo ndipo unasikia kile kimlio cha "pip pip".

Sasa ili ilinganishe, inahitaji mahali pa kushika: ukingo, mstari, mahali ambapo cheusi kinakutana na cheupe. Ukiielekeza kwenye ukuta mweupe mtupu, au kwenye suti nyeusi katika mwanga hafifu, ni kama kumwambia mtu apande ukuta uliosakafiwa laini. Atateleza tu. Ndiyo maana unaisikia lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, vruu, vruu, halafu inakata tamaa.

Na ukiiachia ichague yenyewe katika vituo vyake vyote, mara nyingi inakimbilia kilicho karibu zaidi au chenye mng'ao zaidi. Ukumbini vitu hivyo ni nini? Maua ya mezani, chupa za soda, na pazia la vimetameta. Bibi harusi mwenye haya zake, kichwa kainamisha, taa imemwangukia kwa mbali, kwa kamera yeye ni kitu kigumu kushikika. Kamera inachukua kilicho rahisi kuonekana. Kilicho muhimu inabidi uionyeshe wewe.

PICHA YA BABA

Hapa niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Marehemu baba yangu alifariki nikiwa na umri wa miaka minne. Nyumbani kwetu Morogoro tuna picha yake moja tu, moja katika maisha yake yote. Alipigwa sebuleni mwaka 1986 na mpiga picha wa kupita, enzi za mkanda, unapigwa leo unangoja majuma mawili picha zisafishwe. Nyuma ya baba kuna kalenda ya ukutani. Ile kalenda imekolea, msomaji, unaisoma hadi tarehe: Agosti 1986, Jumapili kwa wino mwekundu. Baba mwenyewe, aliyekaa hatua mbili mbele ya ukuta, ni ukungu.

Kamera zinazovuta fokasi zenyewe zilikuwapo duniani. Konica C35 AF ilishatoka mwaka 1977, na Minolta 7000 ikafuata mwaka 1985 ikiwa na mota ndani ya mwili wake. Lakini wapiga picha wa mitaani kwetu walizungusha lenzi kwa mkono. Yule bwana aliizungusha mpaka akaiona kalenda imekaa sawa, akabonyeza, akapokea chake, akaenda zake. Namna baba alivyokuwa akitabasamu naisimuliwa tu.

Juzi juzi mpwa wangu mmoja, vijana wa siku hizi, akaichukua picha ile akaipitisha kwenye programu ya akili mnemba inayosafisha picha. Ikarudi safi kabisa! Mwanamume mtanashati, macho maangavu, ndevu zimechongwa. Tukampelekea mama kwenye simu. Akaitazama sana, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Kisha akauliza: "Huyu ni nani?"

Basi. Programu haikumpata baba kwa sababu baba hakuwamo. Ilichora mtu wa kukisia. Picha iliyotikiswa kidogo inaweza kusaidiwa kidogo, lakini sura ambayo haikuingia kwenye kamera hairudishwi na mtu. Kwa hiyo kijana anaponiambia "nitairekebisha kwenye kompyuta", namwambia rekebisha pale pale, wakati mtu bado yuko mbele yako. Wazee hawa tunaowapiga kwenye sendofu, wengine ndiyo picha yao ya mwisho.

LENZI ILIYOGOMA

Turudi kwa ile lenzi ya kukopa. Hii ni hadithi inayowaliza wengi, na haihusiani na ubovu kabisa.

Nikon walipoleta kamera ndogo ya D40 mwaka 2006, waliondoa ile mota ya ndani ya mwili, ili iwe nyepesi na ya bei nafuu. Ndugu zake wa D3000 na D5000 waliofuata wako hivyo hivyo, D3200 ikiwamo. Kamera hizi zinategemea lenzi iwe na mota yake yenyewe, ambayo kwa Nikon hutambulika kwa herufi AF-S. Lenzi ya 50 yenye herufi D haina mota ndani, inangoja kuzungushwa na mwili. Ukizikutanisha ni sawa na kuwaweka kwenye gari abiria wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake aendeshe. Ile ile lenzi ukiifunga kwenye D90 au D7000 inafanya kazi bila tatizo.

Wenye Canon hawana kilio hiki, kwa sababu tangu mwaka 1987 walipoanza EOS, mota iko kwenye lenzi. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujatoa pesa kwa lenzi ya mtumba, ifunge kwenye kamera YAKO, siyo ya muuzaji, ubonyeze usikie.

Kijana nikamfundisha kuitumia lenzi ile kwa mkono. Unachungulia, unazungusha taratibu, na kile kidoti cha kijani chini kushoto kikitulia, umefika. Kwa mtu aliyekaa inatosha. Kwa shangazi anayecheza, rudi kwenye 18-55.

DAWA ZENYEWE

Kwanza, chagua kituo kimoja cha fokasi, usiiachie kamera. Kwenye kamera nyingi za bei nafuu kile cha katikati ndicho chenye nguvu zaidi, kwa sababu kinasoma mistari ya wima na ya mlalo. Kiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Jicho likigoma kwa sababu ya giza, tafuta ukingo ulio umbali ule ule: pindo la kilemba, kola ya shati, hereni.

Pili, bonyeza kitufe nusu, ngoja mlio au kidoti, ndipo umalizie. Wengi wanakigonga kwa mkupuo kama kengele ya mlango, halafu wanashangaa.

Tatu, mtu aliyetulia mpige kwa AF-S, au One Shot kwa Canon. Anayetembea au kucheza, weka AF-C, au AI Servo kwa Canon, ili kamera iendelee kumfuata. Na usichanganye, hiyo AF-S ya mtindo wa kupiga siyo ile AF-S iliyoandikwa kwenye lenzi, ingawa jina ni moja.

Nne, spidi. Waliosimama wape angalau sehemu 1 ya 125 ya sekunde, wanaotembea 1 ya 250, wanaocheza 1 ya 500 kama mwanga unaruhusu. Giza likizidi, pandisha ISO. Picha itakuwa na chembechembe, sawa, lakini hakuna mama aliyekataa picha ya mwanawe kwa sababu ya chembechembe. Wanakataa ukungu. Na ile VR au IS ya kutuliza lenzi inatuliza mkono wako tu, haimtulizi mchezaji.

Tano, umbali na tundu. Kwa kamera kama ya kijana wetu, lenzi ya 50 ikifunguliwa f/1.8 na mtu akawa mita moja, eneo linalokolea lina kina cha sentimita 3 hivi. Pua ikikolea, sikio limekwenda! Ukoo mzima ukisimama mistari mitatu, funga tundu hadi f/5.6 au f/8, ufokasi mstari wa mbele au wa pili. Na usisogee karibu kupita kiasi, lenzi nyingi za 50 hazioni kitu kilicho chini ya nusu mita hivi.

Sita, hali ya hewa yetu ya pwani. Ukitoka ukumbini kwenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la nje, lenzi inapata mvuke kama chupa ya soda baridi. Iache ndani ya begi lililofungwa robo saa hadi nusu saa kabla ya kuitoa. Na usiihifadhi kabatini kwenye unyevu, kuvu litaota ndani ya vioo kama nyuzi za buibui, na hilo ni donda. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, usivitupe.

FUNDI ANASTAHILI LINI?

Ukishafanya hayo yote na bado una mashaka, fanya jaribio la bure. Libandike gazeti hili ukutani, mchana, karibu na dirisha. Weka kamera juu ya meza au stendi, isitikisike. Piga mara tano kwa kuchungulia kwenye kitundu, kisha mara tano kwa kutumia kioo cha nyuma. Kwenye kioo cha nyuma, kamera hizi hupima fokasi kwa njia nyingine, kutoka kwenye sensa yenyewe. Maandishi yakisomeka kwa kioo cha nyuma lakini kwa kitundu yana ukungu kila mara, basi kweli vipimo vimehama. Kamera kubwa kubwa kama D7000 zina sehemu ya kurekebisha kwenye menyu. Ndogo zinakwenda kwa fundi, na hapo fundi anastahili pesa yako. Yakisomeka kote kote, kaka, usimsumbue fundi wa watu.

Tukafanya jaribio hilo na yule kijana pale kibandani. Maandishi yalisomeka kote, hadi bei ya gazeti. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Tukakesha tukichambua picha zake, kati ya mia nne na kitu tukapata themanini safi, na mojawapo ni ya bibi yake binti, aliyetoka Songea kwa basi, anacheka na shali lake. Akazipeleka. Kamati ililipa nusu ya pesa iliyobaki, nusu nyingine ilikufa. Ile ya bibi, mama wa binti aliomba ichapwe kubwa, akailipia mwenyewe.

Wako watakaoniambia, "Braza, umepitwa, siku hizi kuna kamera zisizo na kioo zinazotambua jicho zenyewe." Ni kweli, na ni nzuri sana, mimi mwenyewe nazitamani. Lakini ziingize kwenye ukumbi wenye watu mia tatu uone. Macho mia sita! Inatambua jicho, haijui la nani ndiye anayeagwa na la nani ni MC.

Kwa hiyo kijana wangu, kesho ukivaa ile fulana nyeusi, kabla ya mlango kufunguliwa na muziki kupigwa, jiulize ni sura gani usiku huo haiwezi kupigwa tena. Mara nyingi si ya bibi harusi, yeye atapigwa na simu mia. Ni ya mzee aliyekaa kona ile karibu na feni. Mwendee, muamkie, weka kidoti kwenye jicho lake, ngoja mlio. Ndipo ubonyeze.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.